Waliolikataa beseni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nafurahi masomo yanakwenda, na naona ulimi nao umeanza kupata makali. Unasema sayansi ingekwisha kuitengeneza dunia, kama si watu wasiosoma kung'ang'ania imani za kale. Hapo tuvutane kidogo.

Mwaka 1847 hospitali kuu ya Vienna, Austria, ilikuwa na wodi mbili za uzazi. Ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, ya pili ya wakunga. Kwa wastani, katika miaka iliyotangulia, karibu mzazi mmoja kati ya kumi alikuwa akifa wodi ya kwanza, wengi wao kwa homa ya uzazi. Kwa wakunga vifo havikufika nusu ya hapo. Akina mama walilijua hilo, wakawa wanasihi wasipelekwe kwa madaktari. Hawakuwa na shahada hata moja, lakini walikuwa wameona kitu ambacho maprofesa, waliokuwa wakilaumu hewa chafu, hawakukiona.

Mwaka huo daktari mmoja, Jakob Kolletschka, alijeruhiwa kidole na kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti. Akafa kwa dalili zilezile za wale wazazi. Rafiki yake, Ignaz Semmelweis, daktari wa wodi ile ya kwanza, akaunganisha mambo: madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda kuzalisha, wakati wakunga hawakupasua maiti. Akaagiza kila anayeingia wodini anawe kwanza kwenye beseni la maji yenye chokaa ya klorini. Aprili walikuwa wamekufa wazazi zaidi ya 18 katika kila 100. Juni ilikuwa karibu 2.

Ungedhani walimbeba juu juu. Wakubwa wengi wa tiba Ulaya walimpinga, na hao walikuwa wamesoma kuliko mimi na wewe. Walikuwa na hoja, sikatai: nadharia kwamba vijidudu ndivyo vinavyoleta magonjwa ilikuwa bado haijathibitishwa, naye hakuweza kuonyesha ni kitu gani hasa kinachobebwa mikononi. Tena alichelewa mno kuandika; kitabu chake kilitoka 1861. Lakini naamini kizito zaidi kilikuwa kingine. Kulikubali lile beseni la kunawia ni kukiri kwamba mikono yako, wewe daktari mheshimiwa, ndiyo iliyokuwa ikiua. Semmelweis alifia katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1865, kabla unawaji wa mikono haujawa jambo la kawaida kwa madaktari.

Wala si kila anayekataa ana kiburi. Mwaka 1912 mwanasayansi Mjerumani, Alfred Wegener, alisema mabara yalikuwa kitu kimoja, kisha yakatengana. Alionyesha jinsi pwani za Afrika na Amerika Kusini zinavyolingana, na visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyohifadhiwa maweni, vya viumbe walewale pande zote mbili za bahari. Wakamuuliza: nguvu gani hiyo ya kusukuma bara zima? Jibu alilotoa lilikuwa dhaifu, na waliomuuliza walikuwa na haki ya kuuliza. Alifariki Greenland mwaka 1930. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1960, sakafu ya bahari ilipochunguzwa na ikaonekana kwamba inapanuka, ndipo wanajiolojia wengi wakageuka.

Nikitaka kuwatenganisha watu wa aina hizi mbili, huwa namuuliza anayekataa: ukionyeshwa nini utakubali? Wapinzani wa Wegener wengi walikuwa na jibu. Asiye na jibu, awe mzee asiyejua kusoma au profesa, ana jambo lingine analolilinda.

Sasa tuje kwako. Ukurasa wa pili wa barua yako umewaka moto juu ya programu za akili mnemba. Umeandika kwamba haziwezi kuelewa chochote, kamwe, na neno kamwe umelipigia mstari. Huenda uko sahihi. Mimi mwenyewe naegemea huko. Ila hukuniambia ungeonyeshwa nini ndipo ukubali kwamba zinaelewa. Niandikie hilo kwanza, halafu ndipo turudi kwa hao wasiosoma.

Ni mimi mama yako.