Nimekishua, Mwalimu

Mjimwema, Kigamboni,
Dar es Salaam.
Jumapili usiku.

Mwalimu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi nina malengelenge viganjani na shingo imebabuka. Kofia ya kuchomelea inafunika uso. Shingo kila mtu ajijue.

Jana asubuhi, maji yalipojaa, tumekishua kile chombo changu cha alumini, boti niliyoichomelea mwenyewe. Kinaelea. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeruka kurasa zote ukitafuta kama kimezama. Kinaelea, ila kinavuta kushoto, na hiyo kushoto ndiyo imenifanya nikae niandike badala ya kukutumia picha tu.

Uliniuliza kwenye simu ununue kwanza mashine ipi ya kuchomelea. Nilisita kukujibu, maana swali hilohilo ndilo lililonipoteza mimi. Miezi mitatu nilihangaika na mashine, nikiamini nikiipata tu kazi imekwisha.

Ngoja nianze na bati. Hapa mjini alumini imejaa, kila mtaa una fundi wa madirisha, na kila fundi wa madirisha ataapa kwamba anayo ya boti. Hana. Yake imetengenezwa ishike kioo. Wewe uliza 5083 au 5052, ambazo zimechanganywa na magnesi na zinastahimili maji ya chumvi. Mimi nilipata 5083 ya milimita 3, mabati manne ya futi 4 kwa 8. Kila moja lina kilo 24 hivi. La chuma la unene huohuo lingefika 70. Tuliyapakia kwenye kirikuu pale Gerezani, tukavuka nayo Magogoni kwa pantoni, na safari nzima watu wanauliza ni sufuria la harusi ya nani. (Bei nitakwambia kwa simu. Mama Zuhura huwa anasoma barua zangu kabla sijazifunga.)

Kukata ni rahisi kuliko unavyodhani. Msumeno wa umeme wa mbao, ule wa mviringo wenye meno ya kabaidi, unakata alumini vizuri kabisa. Pakaza mshumaa kwenye meno yasigande. Vaa miwani na mikono mirefu, vile vichenga vinaruka vya moto. Na kabla ya kukata bati, kata boksi. Nilitengeneza chombo kizima kwa boksi la sabuni, sentimita moja kwa kila kumi, Zuhura akakielesha kwenye beseni. Nakuambia kweli, kile cha boksi kilinyooka kuliko hiki.

Haya, moto. Chuma kinakuonya, kinaanza kuwa chekundu, unajua sasa kinaiva. Alumini haisemi kitu. Inang'aa, inang'aa vilevile, halafu puu! tundu la kupitisha ngumi. Inayeyuka kwenye nyuzi 660 tu, lakini juu yake kuna ngozi nyembamba isiyoonekana ambayo haiyeyuki mpaka upite nyuzi 2000. Usipoisugua ile ngozi, ndani kunakuwa uji na juu bado kumefungwa. Kwa hiyo kila mshono unaufuta mafuta kwa asetoni, kisha unausugua kwa brashi ya waya wa chuma kisichoshika kutu, brashi ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida hata siku moja. Yangu nimeifunga kitambaa chekundu vijana wasiiazime.

Gesi iwe agoni tupu. Mtungi wangu wa kwanza niliuziwa kwa jina la agoni, kumbe umechanganywa na ile ya kuchomelea chuma. Mshono ukatoka mweusi, una masizi na matundu kama mkate wa kumimina. Waya nao, ule wa 5356 unaoyeyuka kujaza mshono, ni laini mno. Kwenye mpira mrefu wa mashine unajisokota kama uzi wa cherehani ulionasa kwenye bobini. Nilipoteza wiki nzima nikiukata na kuuvuta, mpaka nikapata bunduki ya kuchomelea yenye kigurudumu cha waya hapohapo mkononi. Na upepo! Huku kwetu bahari haikupi nafasi, ikifika saa tano upepo umekuja na gesi yote imepeperuka. Nilizungushia maturubai, nikawa nachomelea kuanzia saa moja asubuhi, baada ya kufuta umande, maana unyevu nao unatia matundu.

Sasa kosa lenyewe.

Chombo nilikijenga kifudifudi juu ya fremu ya mbao. Mataruma saba, yaani mbavu za chombo, mabati juu yake, yameshikwa kwa vinukta vya moto, kila shubiri kinukta kimoja. Mpaka hapo kilikuwa kimenyooka. Jumamosi moja upepo ulitulia, umeme haukukatika, LUKU ina yuniti za kutosha. Nikasema leo ndiyo leo. Nikaanza mshono wa kulia kutoka tezi, nyuma, nikauvuta hadi omo, mbele, bila kupumzika. Ukatoka mzuri, Mwalimu, kama magamba ya samaki changu. Nikamwita mama Zuhura aje auone. Tumesimama pale tunausifu, chombo kikalia: ta! Tukatazamana. Ta! tena. Vinukta vya upande wa kushoto vilikuwa vinakatika kimoja baada ya kingine.

Bati likipata joto hutanuka, likipoa hujikunyata, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Mimi nimeupika upande mmoja wote kwa mkupuo, wa pili umekaa baridi. Usiku ule sikula. Keshokutwa yake ndiyo nikapitisha kamba mbili kwa msalaba, pembe hadi pembe, kitu ambacho ningekifanya kabla ya kuwasha mashine. Chombo kilichonyooka, kamba zinagusana katikati. Zangu zilipishana sentimita 2.

Nilivikata vinukta vilivyobaki, nikainua pembe moja kwa jeki ya gari, nikaifunga kwa kamba. Nusu ya kombo ilirudi. Nusu nyingine ndiyo hiyo inayokwenda kushoto. Mishono iliyobaki niliipiga urefu wa kidole tu, nahamia upande wa pili, kidole, naenda omo, kidole, narudi tezi, kisha nakaa chini mpaka niweze kuweka kiganja juu ya bati nisiungue. Kazi niliyodhani ni ya asubuhi moja ikawa ya siku tano. Na ndiyo iliyonifundisha kila kitu, kuliko ile miezi mitatu ya kutafuta mashine.

Kuna mzee hapa jirani, maisha yake yote amechonga ngalawa. Alikuwa anakuja kila alasiri, anakaa juu ya dumu, anatazama, hasemi. Siku tuliyokigeuza chombo akasimama nyuma, akafumba jicho moja, akatazama kwa muda mrefu. Akasema, "Mwanangu, hiki ukikilekeza Zanzibar kitakupeleka Bagamoyo." Hakupitisha kamba yoyote.

Kupima kama kinavuja, chaki zako ulizoacha likizo ile zimefanya kazi. Unasaga chaki, unakoroga na maji, unapaka mishono yote kwa nje, unaacha ikauke iwe nyeupe. Kisha kwa ndani unapaka mafuta ya taa. Mafuta ya taa yanapenya mahali ambapo maji bado yanajiuliza. Zuhura na wenzake walilala chini ya chombo, kila mmoja na mshono wake, atakayeona doa kwanza anapata andazi. Kwa dakika kama kumi kimya. Halafu, "Baba, hili hapa!" Kidoa cha kijivu, kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, kinatanuka polepole kwenye ile chaki. Yalipatikana kumi na moja, mengi pale nilipoanzia au kuishia mshono. Nililipa maandazi kumi na moja. Kila tundu nililikwangua kwa grainda, nikasafisha mafuta yote, ndipo nikarudia moto.

Chini ya mabenchi nimefunga madumu sita matupu ya lita 20. Kikijaa maji hakitakwenda chini. Ubao wa kushikia injini nao uko tayari, lakini injini bado. Nikipata ya kufunga, kwanza TASAC, wale wa serikali wanaosimamia vyombo vya majini, wakikague, ndipo nibebe watu.

Jana basi. Watu wanne walitosha kukibeba hadi majini, mzee akapiga dua fupi, tukasukuma. Mawimbi yakagonga chini pa, pa, pa, kama mvua kwenye paa la bati, hata nikaona aibu kwa samaki. Leo nimetandika jamvi ndani, kimetulia kidogo. Nikipiga makasia sawa kwa sawa kinageuka kushoto, kwa hiyo kasia la upande huo nalivuta kwa nguvu zaidi. Mkono mmoja utakuwa mnene.

Wewe ziwani chumvi haitakusumbua, lakini hapa nimeshaanza kuwa mkali. Juzi nilikuta kipande cha waya wa shaba ndani ya chombo, fundi umeme alikidondosha. Shaba na alumini zikikutana kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na inatoboka pole pole bila wewe kujua. Nimepiga marufuku mtu kuingia na fundo la waya mfukoni.

Kwa hiyo mashine usinunue sasa. Nenda kwa fundi yeyote hapo Mwanza mwenye mashine na agoni, omba akuuzie vipande, akukodishe saa mbili. Unganisha vipande viwili vya ukubwa wa kiganja, vibane kwenye jiliwa, vigonge kwa nyundo mpaka vijikunje. Mshono ukipasuka, fungua utazame ndani: matundu ni unyevu au uchafu, na kama haukushika ulikwenda mbio. Rudia. Vipande kumi mfululizo vikijikunja bila kupasuka, nipigie, tuzungumze mashine. Na kamba mbili anza kuzitafuta leo.

Dagaa wa safari ile waliisha wiki hiyohiyo. Ukipata mtu anayeshuka huku na basi, usinisahau.

Wako,
Baba Zuhura