Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Futari ya pamoja, Idi, siku ya watoto na misiba miwili tuliyoisimamia mlikuwepo, sina haja ya kuyarudia. Nataka tuzungumzie safari ya mji wa Lincoln, hapa Uingereza, maana maneno yamekuwa mengi: kwamba kamati ilitumia fedha bila mkutano, na kwamba iligusa mfuko wa msiba.

Ni kweli kamati ilitoa pauni 480 kukodi basi la kwenda kwenye mnara wa kumbukumbu ya wanahewa wa ndege za mabomu wa Uingereza waliokufa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ni kweli pia hatukuitisha mkutano. Mwenye basi alitupa siku tatu tu za kulipa, na katiba yetu inairuhusu kamati kutumia hadi pauni 500. Mfuko wa msiba haukuguswa. Shada la maua, pauni 65, nililinunua kwa fedha zangu, na stakabadhi ninayo.

Mliuliza: wale Wazungu wanatuhusu nini, na babu zetu waliopigana Burma nani anawakumbuka? Swali hilo linaniuma, kwa sababu babu yangu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki. Lakini pale kilimani mnara una urefu wa mita 31, sawa na upana wa mabawa ya Lancaster, ndege yao ya mabomu, na umezungukwa na kuta za chuma zenye majina karibu 58,000 ya wanahewa na wengine waliokufa wakifanya kazi nao. Kila herufi imetobolewa, mwanga unapita, na ndugu wa marehemu huchomeka ua jekundu katika jina la mtu wao. Katika wanahewa 125,000, walikufa 55,573, vijana wa kujitolea. Na hawakuwa Wazungu watupu. Johnny Smythe wa Sierra Leone alikuwa mwelekeza njia ndani ya ndege hizo. Alitunguliwa Ujerumani Novemba 1943, akafungwa hadi vita vilipokwisha. Watoto wetu wanaosoma shule za hapa wana haki ya kulijua hilo, na mimi sijutii uamuzi ule.

Ninachosikitikia ni kwamba basi la viti 49 lilibeba watu 17. Waliolalamika sana hatukuwaona.

Ada: wanachama 61, waliolipa 38, deni pauni 1,380. Benki tuna pauni 2,115. Wadaiwa nimewapigia simu mwenyewe, wengine mara nne.

Mwakani, Mungu akipenda, tutarudi Lincoln, na tutafute namna ya kuwakumbuka wazee wetu wa Burma. Mwenye picha au karatasi za babu yake, tafadhali aje nazo.

Mwenyekiti