Nyumba Yetu Mbona Haimo Kwenye Ramani?

Simu ya aina hii hatuikosi. Mteja kaagiza ramani ya zamani ya mji mdogo wa Wisconsin, jimbo la Marekani, na mashamba yanayouzunguka, kaitia fremu, kaitundika sebuleni, halafu anauliza: "Mmeniuzia ramani ya 1943, nyumba yetu ilijengwa 1921, mbona haimo?"

Ramani si feki. Kinachochanganya ni miaka. Shirika la USGS, yaani idara ya jiolojia na ramani ya serikali ya Marekani, lililoanzishwa 1879, lilichonga ramani zake za mwanzo kwenye mabamba ya shaba. Nakala zikiisha, nyingine zilichapwa kutoka mchoro uleule, mara nyingi bila mpimaji kurudi shambani. Kwa hiyo tazama pembe mbili za chini. Kushoto kuna neno "Surveyed": huo ndio mwaka watu walipopita na vipimo vyao. Kulia kuna "Edition of", na pengine "reprinted", yaani mwaka wa kuchapwa tena tu. Kati ya hiyo miaka inaweza kupita miongo minne, na nyumba ya 1921 ikaangukia humo katikati.

Ramani za baadaye, za skeli ya 1:24,000 (sentimita moja ni mita 240 ardhini), zina mtego wake: rangi ya zambarau. Hiyo ni nyongeza iliyochorwa kutokana na picha za ndege. Nyeusi ya zamani, zambarau mpya, karatasi moja.

Ukishajua mwaka, ramani inaanza kusema. Kimraba cheusi ni nyumba. Kikiwa na kibendera, ni shule. Mistari ya kahawia ni kontua, inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa; ikisongamana, kuna mteremko mkali. Karibu na mji wa Mineral Point, kusini-magharibi mwa Wisconsin, imesongamana, kwa kuwa barafu ya kale haikuisawazisha ardhi ile. Kwingine utaona miraba ya maili moja kila upande, ekari 640, urithi wa sheria ya ardhi ya 1785. Majina ya wenye mashamba usiyatafute humo. Hayo yako kwenye ramani za umiliki za kaunti.

Tuseme wazi: faili za ramani hizi USGS inazitoa bure mtandaoni. Kwetu unalipia kusafisha madoa, karatasi nzuri na uchapaji. Siku hizi hatuchapi kabla ya kukutumia picha ya pembe zote mbili uthibitishe mwaka. Ukiagiza, taja mji pamoja na kaunti, maana Springfield ziko nyingi.