Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ndege ya Milimani, Yenye Tabo au Isiyo na Tabo?

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliiachia kamati kazi moja iliyozidi nyingine zote: kuleta pendekezo la ndege itakayochukua nafasi ya ile ya zamani, ambayo injini yake inakaribia muda wa kufumuliwa, yaani kufunguliwa yote na kutengenezwa upya. Mlituuliza kama tununue ndege yenye tabo, yaani kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, au isiyo na tabo, tukijua kwamba sehemu kubwa ya safari zetu inapita milimani. Sehemu kubwa ya taarifa hii inahusu swali hilo, kwa kuwa ndilo mtakalolipigia kura.

Nianze na mengine kwa ufupi. Hesabu zimekaguliwa, na mweka hazina atazisoma mwenyewe. Mwaka umepita bila ajali. Semina ya hali ya hewa ya milimani imefanyika, na ninawashukuru marubani wakongwe waliokubali kufundisha bila malipo. Ratiba ya kugawana ndege bado inaleta manung'uniko mwishoni mwa juma. Kamati ijayo itaishughulikia.

Sasa tuje kwenye ndege.

Injini ya kawaida, isiyo na tabo, huvuta hewa iliyopo, basi. Katika hali ya hewa ya kawaida, shinikizo kwenye usawa wa bahari ni inchi 29.92 za zebaki, na kwa mwinuko wa chini hupungua takriban inchi moja kila unapopanda futi 1,000. Nguvu ya injini nayo hushuka kwa takriban asilimia 3 kwa kila futi 1,000. Kwa hiyo injini ya nguvu farasi 230 ikifika futi 12,000 inabaki na kama 150 tu, hata ukisukuma kishikio cha nguvu mpaka mwisho. Ndege haijapungua uzito, abiria ni walewale, na mlima ulioko mbele haujainama.

Tabo hutumia moshi wa ekzosi, ambao vinginevyo ungetupwa nje, kuzungusha gurudumu dogo lenye mapezi. Gurudumu hilo huzungusha pampu ya hewa, na pampu hukandamiza hewa nyembamba kabla haijaingia kwenye silinda. Mhandisi wa Uswisi Alfred Büchi aliipatia wazo hilo hataza mwaka 1905. Mwaka 1918 Sanford Moss wa Marekani alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak, zaidi ya futi 14,000, akaijaribu hukohuko kileleni. Bila tabo ilitoa nguvu farasi 230 hivi. Ilipofungwa tabo ilitoa 356, yaani ilirudi kwenye nguvu zake za bondeni na kuzidi kidogo. Zaidi ya miaka mia moja imepita na kanuni ni ileile.

Hata hivyo, tabo hazifanani. Zipo zinazorudishia injini shinikizo la usawa wa bahari tu, na zipo zinazolizidisha mpaka inchi 35 au zaidi. Hizi za pili mara nyingi hufungwa kwenye injini yenye mkandamizo mdogo wa silinda, ili mafuta yasilipuke kabla ya wakati. Kila moja ina mwinuko wake wa mwisho ambao hadi hapo inamudu kutoa nguvu kamili. Ukipita hapo, nguvu huanza kushuka kama kwenye injini nyingine yoyote. Mwanachama anayetuletea tangazo la ndege inayouzwa aanze kuuliza mwinuko huo.

Kamati ililinganisha vitabu vya ndege kadhaa, na iliyotusaidia zaidi ni Cessna 182T na ndugu yake T182T, kwa kuwa zinafanana karibu kwa kila kitu isipokuwa tabo. Ya kwanza ina nguvu farasi 230, ya pili 235. Uzito wa juu wa kurukia ni uleule, pauni 3,100. Kikomo cha kupaa cha isiyo na tabo ni futi 18,100. Yenye tabo inaruhusiwa kuruka mpaka futi 20,000. Wajumbe wawili walisema tofauti hiyo ni ndogo mno kuhalalisha gharama, na kwa kutazama namba hizo peke yake wana haki. Lakini kikomo cha kupaa ni ule mwinuko ambao ndege imebakiwa na uwezo wa kupanda futi 100 tu kwa dakika. Hewa inayoshuka upande wa mlima uliokingwa na upepo inaweza kukuvuta chini kwa futi 1,000, hata 2,000, kwa dakika. Rubani wa milimani hanunui kikomo. Ananunua kasi ya kupanda iliyobaki pale anapovuka mgongo wa mlima, kati ya futi 11,000 na 14,000, na hapo ndipo ndege hizi mbili zinapoachana kabisa.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana ndipo mjadala wetu wa mwaka mzima ulipopotea mara nyingi. Tabo huipa injini pumzi. Haiupi ubawa pumzi, wala propela. Chukueni uwanja ulioko futi 6,000 kwenda juu, mchana wa nyuzi 30 za Selsiasi. Kwa mwinuko huo joto la kawaida ni nyuzi 3, kwa hiyo tumezidi kwa nyuzi 27, na kila nyuzi moja inahesabiwa kama futi 120. Ndege inahisi kwamba iko zaidi ya futi 9,000. Geji ya mwendo itaonyesha namba ileile mliyoizoea mkija kutua, lakini mwendo halisi juu ya ardhi utakuwa umezidi kwa karibu asilimia 15, na umbali wa kusimama utaongezeka kwa karibu theluthi moja. Tabo haitaupunguza hata mita moja. Hesabu hiyohiyo inahusu kugeuza ndege ndani ya bonde jembamba: kwa futi 12,000, ukiinamisha ndege kwa pembe ileile na geji ikionyesha mwendo uleule, duara lako linakuwa pana kwa zaidi ya asilimia 40 kuliko usawa wa bahari. Mtu aliyeingia kwenye bonde kwa kuamini tabo anaweza kukosa nafasi ya kugeukia huku injini yake ikinguruma kwa nguvu zote.

Kwa hiyo kanuni za milimani zinabaki palepale kwa ndege zote mbili. Safiri asubuhi. Upepo wa vileleni ukizidi noti 25, yaani zaidi kidogo ya kilomita 45 kwa saa, ahirisha. Ukaribie mgongo wa mlima kwa pembe ya nyuzi 45 ili uweze kugeuka upesi ukielekea kwenye ardhi ya chini, na uwe juu yake kwa futi 1,000 au zaidi. Wakati wa kupaa, ukifika katikati ya njia ya kurukia bila kupata asilimia 70 ya mwendo wa kunyanyukia, zima safari.

Upande wa mafundi, walituonyesha injini mbili zilizofumuliwa, na kwa maoni yangu ile ziara ya karakana ilitufundisha kuliko majedwali yote. Tabo huishi kwenye joto la kutisha. Injini nyingi za aina hii zina kikomo cha nyuzi 900 hadi 950 za Selsiasi kwa moshi unaoingia kwenye gurudumu. Joto hilo hupasua mabomba ya ekzosi, na bomba likipasuka au klampu inayobana mabomba ikiachia, mwali hutoka karibu na mipira inayopitisha mafuta. Mwaka 2023 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo kuhusu klampu za ekzosi za injini za tabo: zile za vipande vilivyounganishwa kwa nukta za kulehemu zinatakiwa kubadilishwa kila baada ya saa 500. Huo ni mfano mmoja tu wa matunzo ambayo injini ya kawaida haikudai. Juu ya hayo, hesabuni pia mafuta mengi zaidi yanayochomwa kwa saa, uzito wa vifaa vyenyewe, na silinda zinazochoka mapema zikiendeshwa vibaya. Kwa kuwa uzito wa juu wa T182T haukuongezwa, kila kilo ya tabo imetoka kwenye mzigo wenu.

Lipo pia suala la tabo kufa angani. Ikisimama ghafla, mafuta huwa mengi mno kwa hewa iliyobaki na injini inaweza kuzimika. Rubani anatakiwa apunguze mafuta mpaka iwake tena, kisha atue mapema iwezekanavyo. Kuanzia hapo ana injini ya kawaida, pengine dhaifu kuliko ya kawaida. Njia itakayopangwa lazima iwe na pa kushukia.

Jambo dogo lenye hatari kubwa kwa chama kinachogawana ndege: kwenye uwanja wa juu, isiyo na tabo hupunguziwa mafuta yanayoingia kwenye injini kabla ya kupaa ili ipate nguvu, wakati vitabu vingi vya ndege zenye tabo hutaka mafuta hayo yaachiwe kikamilifu. Anayerusha ya kwanza Jumamosi na ya pili Jumapili asitegemee mazoea ya mkono. Asome orodha ya hatua za ndege husika kila mara.

Na mwili. Tabo itawafikisha kwenye miinuko ambako akili inapungua kabla mwenyewe hajajua. Sheria ya Marekani inamtaka rubani atumie oksijeni akikaa zaidi ya dakika 30 juu ya futi 12,500, na muda wote juu ya futi 14,000. Nchi nyingi za Ulaya huanza kuhesabu dakika hizo kwenye futi 10,000. Napendekeza sisi tufuate kiwango cha chini zaidi, cha futi 10,000, bila kujali tuko wapi.

Baada ya yote hayo, wengi katika kamati wanapendekeza ndege yenye tabo, ya ile aina inayorudishia shinikizo la usawa wa bahari tu bila kulizidisha. Nami nakubaliana nao kwa moyo wote. Wajumbe wawili waliopinga wanasema kwa safari za chini ya futi 8,000 tutakuwa tunabeba na kulisha kitu tusichokitumia, na hilo ni kweli. Kama chama hiki kingeruka tambarare, ningepiga kura pamoja nao. Lakini njia zetu zinavuka juu, na wanachama wetu hubeba familia zao.

Hoja mtakayopigia kura ni hii: chama kinunue ndege yenye tabo, asikabidhiwe mtu funguo kabla ya kumaliza mafunzo ya ndege hiyo na mwalimu wa milimani, mitungi ya oksijeni na kipima oksijeni cha kidoleni vinunuliwe pamoja na ndege, na sehemu ya mchango wa kila saa ya kuruka iingie moja kwa moja kwenye mfuko wa injini, ambao hautaguswa kwa matumizi mengine. Masharti hayo matatu hayatenganishwi na ununuzi. Mkiyakataa, kamati inaiondoa hoja nzima, na tutaifumua injini ya zamani.

Mweka hazina sasa atasoma hesabu, kisha tutapokea maswali kabla ya kura.

Mwenyekiti