Mheshimiwa Waziri, nipe binadamu wa kunisikiliza

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mawasiliano,

Natanguliza heshima zako zote. Barua nilizopitisha ofisini kwako hazikujibiwa, nikajipa moyo kwamba mna kazi nyingi. Juzi akaunti yangu ya mtandao wa kijamii imefungwa tena, kwa hiyo leo tusomane hadharani.

Kosa langu? "Umekiuka miongozo." Basi. Muongozo upi, posti ipi, nani kasoma, sijui. Nilikuwa nimehoji zabuni moja ya umma kwa kejeli zetu za kawaida. Nahisi mashine iliyofundwa kwa lugha za wengine iliona tishio palipokuwa na utani. Au kuna watu walijipanga kuniripoti kwa wingi. Nabahatisha tu, nitafanyaje?

Wakati huohuo, video iliyotengenezwa kwa akili mnemba, sura yangu, sauti yangu, inatangaza dawa ya kisukari nisiyoijua. Hiyo haijakiuka kitu! Watu wananipigia simu wakidai hela zao. Walionipa matangazo wamejitoa, na ndiyo iliyokuwa riziki yangu.

Ulipoleta muswada wako wa mitandao uliahidi kutulinda dhidi ya uzushi. Nimeusoma wote. Faini na vifungo kwa anayeandika vimejaa tele. Kampuni za mitandao, eti, "zitahimizwa". Halafu mnazipa saa chache za kufuta "taarifa potofu", ambazo hamkuzifafanua. Ujerumani ilipotunga sheria yake ya mitandao ya kijamii ya 2017, yenye saa 24 kwa maudhui yaliyo haramu waziwazi na faini ya hadi euro milioni 50, wakosoaji walionya: kampuni ikiogopa faini itafuta hata visivyo na kosa. Wewe umechukua saa, faini ukatuachia sisi.

Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, ya 2022, inailazimu kampuni kumpa mtumiaji sababu za kumfungia, na malalamiko yake hayaamuliwi na mashine peke yake. Kampuni ni zilezile, Mheshimiwa. Kule zinaweza, kwetu zihimizwe?

Siombi ruhusa ya kumtukana mtu. Naomba kifungu kimoja: anayefungiwa apewe sababu kwa maandishi, na binadamu asikilize rufaa yake. Mengine tutabishana. Hicho kiweke kabla muswada haujasomwa tena. Kiweke, Mheshimiwa.

Na ile video iondolewe. Hadi naandika haya bado inauza dawa.

Wako mtiifu, bado,
Mwananchi aliyefungiwa