Mdogo wangu, NIDA yako usiiache steshenari

Mdogo wangu,

Umemaliza kidato cha sita, na kuanzia sasa mpaka ufungue chuo kila dirisha litakwambia lete cheti, lete namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), weka kidole. Cheti cha kuzaliwa kitahakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi, mkopo utauomba Bodi ya Mikopo, utafungua akaunti benki, utasajili laini nyingine. Nakuandikia hadharani kwa kuwa wenzako wengi wako kwenye foleni hiyohiyo.

Nianze na steshenari, kwa sababu huko ndiko taarifa nyingi zinakovujia. Hahitajiki mtaalamu wa kuvunja nywila. Mwenye cheti mwenyewe anakituma kwa WhatsApp ya duka ili kichapwe, analipa, anaondoka. Faili linabaki kwenye simu ya duka, na jingine kwenye folda ya kompyuta ambayo wateja wote wanaikalia. Kwa hiyo beba flashi yenye lile faili moja tu unalotaka kuchapa, si flashi yenye maisha yako yote. Ukilazimika kutuma, simama hapohapo lifutwe, kisha na kapu la taka la kompyuta limwagwe, maana faili lililofutwa hukaa humo likisubiri kurudishwa. Kopi iliyotoka na madoa iombe, uichane mwenyewe. Na kama ulifungua WhatsApp yako kwenye kompyuta ya duka, fungua simu, ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, ukiondoe kile usichokijua. Usipokiondoa, meseji zako zinaweza kuendelea kusomeka pale.

Kubwa kuliko hilo ni akaunti. Kijana wa steshenari ana haraka, ana wateja kumi nyuma yako, kwa hiyo anakufungulia akaunti ya mkopo au ya ajira kwa barua pepe yake na nywila anayowapa wateja wote. Huenda hana nia mbaya hata kidogo. Lakini siku unapotaka kurekebisha kitu, kiungo cha kubadili nywila kinakwenda kwake, na yeye keshahama mtaa. Fungua barua pepe yako nyumbani kabla hujaenda, kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Kama kosa limeshafanyika, rekebisha kwa mpangilio huu: kwanza badilisha barua pepe, halafu namba ya simu, mwisho nywila. Ukianza na nywila, mwenye ile barua pepe ya zamani anaweza kuibadilisha tena dakika ileile.

Sasa itazame namba yako ya NIDA. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Ndiyo sababu nakukataza kabisa kutumia mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya M-Pesa au ya kadi ya benki: yeyote aliyeshika kopi ya kitambulisho chako ameshaisoma. Kila kopi unayotoa, andika kwa kalamu, mstari ukikatiza juu ya maandishi bila kuyaficha: "Kwa ajili ya kupanga chumba tu", na tarehe. Kopi yenye maneno hayo ni ngumu kupelekwa kwingine ikafungue akaunti au ikaombe mkopo.

Kuna jambo jingine la kidole. Unasajili laini kwa wakala wa chini ya mwavuli, unaweka kidole, anakwambia "haijasoma, weka tena". Mara nyingine ni kweli haijasoma: kidole kina jasho, au kioo cha mashine kina vumbi. Mara nyingine imesoma vizuri, na ule mguso wa pili unasajili laini ya pili kwa jina lako, ambayo itauzwa kwa mtu wa kutapeli. Polisi wakiifuatilia namba hiyo wanakukuta wewe. Futa kidole, omba kuona kioo cha kifaa chake kabla ya kurudia, na ukimaliza piga *106# papo hapo uangalie namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho uitaje kwamba si yako ifungwe. Rudia kila baada ya miezi michache.

Laini yenyewe ifunge. Watu wanafunga simu kwa alama ya kidole wakaisahau laini. Mwizi anaichomoa, anaiweka kwenye simu yake, na kodi zote (namba za uthibitisho zinazokuja kwa meseji) za benki na barua pepe zinamfuata huko. Kwenye mipangilio ya usalama ya simu kuna sehemu ya kufunga SIM kadi kwa PIN. Usibahatishe PIN ya mwanzo. Iulize huduma kwa wateja, 100. Ukikosea mara 3 laini inadai PUK, namba ya kuifungulia laini, yenye tarakimu 8, na ukikosea PUK mara 10 laini imekufa moja kwa moja. Andika PUK kwenye daftari linalobaki nyumbani.

Upande wa WhatsApp, washa uthibitishaji wa hatua mbili na uweke PIN ya tarakimu 6. Akija "rafiki" kuomba kodi iliyoingia kwako kwa bahati mbaya, ujue rafiki huyo ameshaibiwa akaunti na sasa wewe ndiye unafuata. Mwizi akikutangulia kuweka PIN yake, utasubiri siku 7 ndipo uruhusiwe kuingia bila PIN hiyo.

Pia usibonyeze kodi unayosomewa na mtu kwenye simu, hata ajitambulishe kuwa wa kampuni. Inayoanza na *21* ikifuatiwa na namba huhamisha simu zako zote zinazoingia kwenda kwa mwingine, pamoja na zile zinazosoma kodi ya uthibitisho kwa sauti. Piga *#21# kuangalia kama umehamishiwa, na ##002# kufuta uhamisho wote. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zipeleke 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kisha futa. Meseji ya "umepokea pesa" isikubabaishe mpaka uangalie salio kwa menyu yako mwenyewe.

Programu za mikopo ya haraka ziogope. Zikiomba ruhusa ya kusoma majina yote ya simu yako, ni kwa ajili ya kuwatumia wazazi na walimu wako meseji za kukuaibisha ukichelewa kulipa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni.

Vyeti halisi usivipige laminesheni. Plastiki ile haitoki tena bila kubeba wino, mhuri mpya hauwezi kugongwa juu yake, na ofisa anayetaka kuipapasa karatasi anashindwa. Tumia mfuko wa plastiki ulio wazi, bila pini za stepla, ambazo hushika kutu, wala selotepu. Boksi liwekwe juu, mbali na ukuta wenye unyevu na mchwa. Kisha skani kila kitu kwa dpi 300, uwe na nakala tatu: moja kwenye simu, moja kwenye flashi nyumbani, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni yenye hatua mbili. Na mwambie mama aitoe hati ya kiwanja chini ya godoro. Ikipotea, ni loss report (taarifa ya kupotelewa) ya polisi, tangazo kwenye Gazeti la Serikali, na kusubiri mwezi mzima kama kuna wa kupinga, kabla ya kupewa nyingine.

Ukiibiwa simu na pochi, azima simu upige 100 kabla ya yote, wafunge laini na akaunti ya pesa, kwa sababu kodi za akaunti nyingine zote hupita hapo. Inayofuata ni benki. Halafu nywila ya barua pepe, na uviondoe vifaa vyote vilivyoingia. Loss report utaiomba mtandaoni kwa polisi, ndiyo itakayokufungulia milango ya vitambulisho vingine. Namba ya NIDA haibadiliki hata kadi ikipotea.

Na taasisi ikikuomba taarifa, una haki ya kuuliza zinatumikaje. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inakuruhusu kuziona na kudai zirekebishwe, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko.

Leo jioni piga *106#, kisha nitumie idadi ya laini ulizozikuta. Idadi tu, namba zenyewe usiziandike kwenye meseji.

Kaka yako