Usikubali simenti, shoga yangu

Gloucester, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanakheri,

Salamu nyingi, na mama mpe zake. Ujumbe wako kuhusu nyumba ya bibi nimeusoma mara tatu. Unasema fundi amekushauri mbandue chokaa yote ya ukumbini, mpige lipu ya simenti, mambo yaishe. Nakuomba subiri kwanza. Jana nilikuwa mahali ambapo kila nilipotupa jicho nilikukumbuka wewe na ukuta huo.

Nilipanda basi kutoka Cirencester mpaka kijiji cha Bibury kuiona Arlington Row. Ndiyo ile picha iliyokuwa ndani ya jalada la pasipoti za Uingereza za toleo la 2010. Ni safu ya vijumba vya mawe vilivyogandana, vinashuka na mteremko, kila paa limeinama kidogo kuliko la jirani yake. Mbele unapita mto Coln, maji meupe unaona mpaka changarawe. Palijengwa mnamo 1380 pakiwa ghala la sufu la watawa, na karne ya 17 pakagawanywa kuwa nyumba za wafumaji. Nguo zao zilitwangwa kwenye kinu cha maji hapo karibu, kisha zikaanikwa kwenye kiwanja cha majani kando ya mto. Mpaka leo watu wanakaa humo. Kwenye mlango mmoja niliona viatu vya mvua vya mtoto, vina tope bado.

Lakini jiwe, Mwanakheri! Nilisogeza uso karibu na ukuta wa njiani. Rangi yake kama asali iliyokaa siku nyingi, na ndani yake chembe ndogo za mviringo zimebanana, sawasawa na mayai ya samaki unapompasua. Jiwe hili lilikuwa chini ya bahari ya joto, yenye kina kifupi, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Bahari, huku bara kabisa! Nikatukumbuka tulivyokuwa tukichokoa matumbawe kwa msumari ukutani kwa bibi, tukitafuta makombe, naye akitufokea kutoka jikoni.

Paa nalo ni la mawe. Sehemu kama Stonesfield walichimba jiwe likiwa na unyevu wake, wakaliacha nje wakati wa baridi huku wakilimwagia maji lisikauke. Maji yakiganda kati ya tabaka, jiwe linapasuka lenyewe kuwa vibao. Kila kibao kikatobolewa tundu, kikatiwa kigingi cha mti, kikaangikwa juu ya fito. Vipana kabisa vinakaa ukingoni, na kadiri unavyopanda vinakuwa vidogo, mpaka mgongoni vimebaki kama viganja. Wana sababu: ukingo ndio unaopokea maji ya paa zima, na kibao kipana kina viungo vichache vya kuvujia. Na kwa vile jiwe lenyewe hunywa maji, paa limesimamishwa wima ili mvua iteremke upesi. Kwa chini vibao hivyo walivisiriba chokaa iliyochanganywa na manyoya ya wanyama. Nilisimama pale mpaka shingo ikauma.

Sasa sikiliza kilichonifanya nikuandikie. Nikirudi kituoni nilipita ukuta mmoja wa jiwe lile lile, ambao mtu aliuziba viungo kwa simenti. Simenti imesimama imara, imetokeza nje kama mbavu, na mawe yamelika yakarudi ndani. Nilipolipitishia kidole jiwe, likatoka unga. Ukuta wa namna hii hupumua kupitia chokaa. Unyevu unaingia, na unatokea kwenye viungo. Ukiviziba, maji yanalazimika kutokea kwenye jiwe, na baridi ikiyagandisha yanabandua uso wake.

Sisi hatuna barafu, tuna chumvi na masika, na kazi ni ile ile. Si unakumbuka chumba chetu cha chini Malindi? Baba alimwamini fundi, akapiga simenti nzuri, nyororo, tukafurahi. Masika mawili tu ikafura, ikaanguka na mawe yake, na vichwa vya boriti tukavikuta vimeoza kwa unyevu uliokosa njia. Baba aliumia sana, na mimi naona uchungu mpaka leo.

Kwa hiyo huyo fundi mwambie asimame. Tafuta mwashi wa chokaa, wazee wa kazi hiyo bado wapo mjini. Chokaa iwe imerowekwa ikaiva, ipigwe nyembamba nyembamba, kila mkono upewe siku zake za kukauka na unyunyiziwe maji usipasuke. Itachukua muda. Kama tatizo ni pesa niambie, mwisho wa mwezi nitatuma. Nipigie picha ile kona ya daka la Kurani, pale bibi alipoweka taa, nione kama wameshaigusa.

Wako,
Zuwena